Maneno ya Kiingereza Yanayoanza kwa Herufi Zile Zile: Ndugu au Majirani?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wa kidato cha kwanza na cha pili, nimeona vema katika toleo hili la muhula nizungumze nanyi juu ya jambo moja la Kiingereza linalotusumbua darasani na katika mitihani. Jambo lenyewe ni majina, au nomino kama tuziitavyo siku hizi, ambazo huanza kwa herufi zile zile. Mtu akikutana na nomino asiyoijua, mara hutazama herufi tatu au nne za mwanzo, akakumbuka neno jingine linaloanza vivyo hivyo, akadhani maana zao zakaribiana. Pengine hupata. Pengine hupotea kabisa, wala hana habari kwamba amepotea.

Makusudi ya makala hii ni kuonyesha ni wakati gani herufi za mwanzo zatusaidia, na ni wakati gani zatudanganya. Nitatoa mifano, kisha nitaeleza njia rahisi ya kujifunza, na mwisho nitaweka zoezi fupi.

KWA NINI TUNABAHATISHA

Kiswahili na Kiingereza havijengi maneno kwa njia moja. Chukua kitenzi "soma". Kutokana nacho twapata msomaji, msomi, somo, kisomo na usomaji. Maneno haya yote ni ndugu, lakini hayaanzi kwa herufi moja. Undugu wao umo ndani, katika mzizi "som". Mwanzoni mna kiambishi tu, ambacho hutuonyesha ngeli ya neno. Kwa hiyo kisu, kiti na kikombe huanza sawasawa, lakini hapana mtu atakayesema kwamba kisu na kiti ni wa ukoo mmoja.

Kiingereza mara nyingi hufanya kinyume. Tazama "farm", "farmer" na "farming": shamba, mkulima na kilimo. Hapa mzizi uko mwanzoni, na mabadiliko yako mwishoni. Wengi wetu tulisoma shule za msingi kwa Kiswahili, na tulipoingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, tuliitambua tabia hii upesi, tukaanza kutegemea kichwa cha neno. Desturi hiyo si mbaya. Ubaya ni kuifanya sheria isiyovunjika.

Huvunjika kwa sababu Kiingereza kimekopa mno. Msingi wake ni lugha za makabila yaliyovuka bahari kutoka kaskazini ya bara la Ulaya na kuingia Uingereza katika karne ya 5. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka nchi hiyo, na maneno mengi ya Kifaransa, ambayo asili yake ni Kilatini, yakaingia pamoja nao. Baadaye wataalamu walichukua mengine moja kwa moja kutoka Kilatini na Kigiriki, na mabaharia wakaleta mengine kutoka India na Amerika. Basi maneno hayo yamekutana katika kamusi moja mfano wa abiria katika basi: wameketi kiti kimoja, lakini kila mmoja ametoka kijijini kwake.

Kwa ajili ya somo letu nitayagawa maneno hayo katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ndugu, yaani maneno yenye asili moja. La pili ni majirani, yaani maneno yaliyokutana herufi tu. La tatu ni mapacha, ambayo yamefanana kwa sura hata mtu huyabadilisha bila kujua.

NENO "MAN" NA WALE WANAOKETI KARIBU NALO

Kila mtoto wa kidato cha kwanza anajua kwamba "man" ni mtu, au mwanamume. Kwa hiyo akiona neno lianzalo kwa M, A, N hudhani ndani yake mna mtu. Na kweli wamo watu katika "mankind", wanadamu wote. Katika "manhood", utu uzima wa mwanamume. Na katika "manpower", nguvukazi. Hawa ni ndugu wa kweli.

Yumo pia ndugu mmoja wa kutisha, "manslaughter". Mtu akilikata neno hili mahali pasipo pake, ataona "man's laughter", akasema ni kicheko cha mtu. Sivyo hata kidogo. "Slaughter" ni kuchinja au kuua, na "manslaughter" ni kosa la kumwua mtu bila kukusudia. Herufi ni zile zile, hakuna iliyoongezwa wala iliyopunguzwa, lakini ukikosea pa kukata neno, msiba utageuka kuwa furaha.

Sasa tazama ukoo wa pili. Katika Kilatini "manus" ni mkono. Kutokana na mkono huo Waingereza wamepata maneno mengi. "Manuscript" ni mswada, yaani andiko la mkono. "Manual" ni kitabu cha maelekezo, kitabu cha kushikwa mkononi wakati wa kazi. "Manicure" ni utunzaji wa mikono na kucha. "Manufacture" ni utengenezaji wa bidhaa, na maana yake ya asili ni kutengeneza kwa mkono, ijapokuwa leo kazi hiyo hufanywa zaidi na mashine. Hata "manager", ambaye sisi twamwita meneja, yumo humu, kwa kuwa neno lake lilipitia Kiitaliano, ambako lilikuwa na maana ya kuongoza kwa mkono, hasa kumwongoza farasi.

Wanafunzi wa historia hukutana na "mandate". Nalo ni la mkono: maana yake ya asili ni kumtia mtu jambo mkononi, yaani kumkabidhi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilitolewa mikononi mwa Wajerumani, ikawekwa chini ya Uingereza kwa dhamana ya Shirika la Mataifa, na dhamana hiyo ndiyo iliyoitwa "mandate". Ilidumu hadi mwaka 1946, ilipobadilishwa kuwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Ukikumbuka mkono unaokabidhi, hutasahau maana yake.

Lakini neno ambalo nadhani litawashangaza wengi ni "manure". Hii ni mbolea, na hasa samadi ile tunayoipeleka katika bustani ya shule kwa toroli. Yaweza kuwa na uhusiano gani na mkono? Zamani neno hili lilikuwa kitenzi, na maana yake ilikuwa kulima, yaani kuifanyia ardhi kazi ya mikono. Polepole maana ikasogea kutoka kulima ikawa kurutubisha udongo, na kutoka kurutubisha ikawa ile mbolea yenyewe. Basi mswada wa mwandishi na samadi ya mkulima ni watoto wa mkono mmoja.

Baada ya koo hizo mbili wako majirani. "Mansion" ni jumba kubwa, nalo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kukaa mahali. "Manger" ni hori la kulia ng'ombe au farasi, latoka katika neno la Kifaransa la kula. "Mania" ni wazimu, na asili yake ni Kigiriki. "Mango" ni embe, na neno hili Wareno walilichukua kusini ya India. "Manioc" ni muhogo, neno lililotoka katika lugha ya wenyeji wa Brazili. Na muhogo wenyewe ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Haya ni maneno matano, kila moja na kwao. Hamna mtu ndani yake, wala mkono.

NAHODHA NA MATEKA

Mfano wa pili ni maneno yaanzayo kwa C, A, P. Hapa pana koo mbili zinazofanana sana kwa sura.

Ukoo wa kwanza ni wa kichwa. Katika Kilatini "caput" ni kichwa. "Captain" ni nahodha wa meli, au kapteni wa timu, kwa kuwa ndiye kichwa cha wenzake. "Cape" ni rasi, sehemu ya nchi kavu iliyojitokeza baharini kama kichwa. "Capital" ina maana zaidi ya moja, na zote hurudi kichwani. Kwanza ni mji mkuu wa nchi, kama Dodoma, ambayo iliamuliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu yetu na kutangazwa kwa sheria mwaka 2018. Pili ni herufi kubwa inayokaa kichwani mwa sentensi. Tatu ni mtaji wa biashara. Na tukisikia "capital punishment", hiyo ni adhabu ya kifo, kwa sababu zamani ilikuwa adhabu inayomgusa mtu kichwa chake.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu Kiswahili chetu kina ukoo kama huo huo. Katika Kiarabu "ras" ni kichwa. Kutokana nacho sisi tumepata "rasi", ile nchi iliyojitokeza baharini. Tumepata "rais", kiongozi wa nchi, na mabaharia wa Kiarabu humwita nahodha wao kwa neno hilo hilo. Tena tumepata "rasilimali", ambayo kwa asili ni kichwa cha mali. Sasa yapange mawili mawili: "cape" na rasi, "captain" na rais, "capital" na rasilimali. Warumi na Waarabu walikuwa na lugha zisizo na undugu, lakini wote walitazama nchi iliyotokeza baharini, wakatazama mtu anayeongoza, wakatazama fedha inayoanzisha biashara, wakasema: hiki ni kichwa. Mwanafunzi ajuaye maneno haya matatu ya Kiswahili amekwisha kupata nusu ya somo la Kiingereza.

Walakini hata katika Kiswahili majirani hawakosekani. "Rasimu" na "rasmi" nayo huanza kwa R, A, S, lakini hayana kichwa ndani yake. Yanatokana na neno la Kiarabu la kuchora na kuandika. Basi tusiwacheke Waingereza.

Turudi kwenye Kiingereza. Ukoo wa pili wa C, A, P ni wa kukamata. Kilatini "capere" ni kushika au kukamata. "Captive" ni mateka, mtu aliyekamatwa. "Captor" ni yule aliyemkamata. "Capture" ni tendo lenyewe la kukamata. "Capacity" ni kiasi ambacho chombo chaweza kushika, kama pipa la lita 200, au uwezo ambao mtu anao wa kufanya kazi.

Tazama basi hatari iliyopo. "Captain" na "captive" huanza kwa herufi nne zile zile, na yote mawili ni maneno ya watu. Lakini mmoja anaongoza chombo, na mwingine amefungwa ndani yake. Msomaji anayesoma habari za biashara ya watumwa au za vita, akawachanganya hawa wawili, atakuwa amemweka mwenye kamba mahali pa aliyefungwa kamba, na hadithi yote itageuka.

Nje ya koo hizo mbili yuko jirani mmoja ambaye wanafunzi wa jiografia wamfahamu. "Capricorn" ni jina la mstari wa tropiki ulio kusini ya Ikweta, ambao hupita Msumbiji na Madagaska. Asili yake ni maneno mawili ya Kilatini, mbuzi na pembe. Hakuna kichwa wala kukamata, isipokuwa mbuzi mwenye pembe.

MAJIRANI WENGINE KWA UFUPI

"Century" ni karne, "centimetre" ni sentimita, na "cent" ni senti. Zote zina mia ndani yake: miaka 100, sehemu ya 100 ya mita, sehemu ya 100 ya shilingi. "Centipede" ni tandu, ambaye jina lake maana yake ni mwenye miguu mia, ijapokuwa hesabu ya miguu yake si mia hasa. Lakini "centre", yaani kitovu au katikati, haina mia. Imetoka katika neno la Kigiriki la kitu chenye ncha, kama ile ncha ya bikari inayochomwa katikati ya duara.

"Term" ni muhula, na "terminus" ni kituo cha mwisho cha basi au treni. Hawa ni ndugu, kwa kuwa asili yao ni mpaka: muhula ni muda uliowekewa mipaka. Lakini "termite" ni mchwa, ambaye jina lake latokana na mdudu wa Kilatini alaye mbao. Anayekula meza zetu bwenini hana mpaka wowote.

MAPACHA

Fungu la tatu ndilo lenye kuleta makosa mengi zaidi katika uandishi, kwa sababu maneno yenyewe yamekaribiana mno kwa sura na hata kwa sauti.

"Council" ni baraza, kama halmashauri ya wilaya, na mjumbe wake, "councillor", ni diwani. "Counsel" ni shauri, au wakili anayemtetea mtu mahakamani, na "counsellor" ni mshauri. "Consul" ni balozi mdogo anayeiwakilisha nchi yake katika mji wa nchi nyingine. Diwani, mshauri na balozi mdogo ni watu watatu wenye ofisi tatu. Ukimwandikia mmoja barua kwa cheo cha mwingine, utachekwa.

"Stationery" ni vifaa vya kuandikia. Lina undugu na "station", mahali pa kusimama au kituo. Zamani huko Ulaya wauza vitabu waliokuwa na duka la kudumu mahali pamoja, tofauti na wachuuzi wa kutembea, waliitwa "stationers", na bidhaa zao zikachukua jina hilo. Litofautishe na "stationary" yenye A, ambayo si nomino bali ni sifa ya kitu kisichokwenda.

Halafu kuna "principle" na "principal". La kwanza ni kanuni, kama zile tunazojifunza katika fizikia. La pili ni mkuu, hasa mkuu wa chuo. Lakini "principal" ina maana nyingine, na hapa nitasimulia jambo lililotokea nyumbani.

Likizo iliyopita mjomba wangu aliniita uani, akanipa karatasi ya mkopo aliouchukua kwa ajili ya kununua mabati. Akasema, "Mpwa wangu, hebu nisomee hapa. Kijana wa jirani ameniambia neno hili ni mkuu wa chuo. Mkuu wa chuo ameingiaje katika mabati yangu?" Mzee alikuwa amekaa siku tatu hana raha, akihofu kwamba mkopo wake umeandikwa kwa jina la mtu mwingine, na kwamba huenda siku moja mtu huyo akaja kudai nyumba.

Karatasi ilionyesha "principal" shilingi 400,000, "interest" shilingi 40,000, na jumla shilingi 440,000 za kulipwa kwa mwaka mmoja. Nikamwambia, "Mjomba, hapa hapana mkuu wa chuo. Hii ni ile fedha yenyewe uliyopewa mkononi, na hii ya pili ni riba." Nikamwandikia ile hesabu tunayoijua sote: P mara R mara T, gawanya kwa 100. Laki nne mara 10 mara mwaka 1, gawanya kwa 100, ikatoka 40,000. Alipoona hesabu yake na ya karatasi zinalingana, alicheka, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

Yule kijana hakusema uongo. "Principal" kweli ni mkuu wa chuo. Yeye alijua maana moja, akasimama hapo. Na maana zote mbili ni ndugu, maana asili yake ni mambo ya kwanza: mkuu ni mtu wa kwanza katika chuo, na fedha hiyo ni ya kwanza kabla ya riba kuongezwa. Lakini kwa mjomba tofauti ya maana hizo mbili ilikuwa ni usingizi wa siku tatu. Tukumbuke, ndugu zangu, kwamba tukiwa likizoni sisi ndio wasomaji wa barua za watu. Karatasi ya hospitali, ya mahakama, ya mkopo, yote huletwa kwa mtoto aliyeko sekondari. Huko hakuna msahihishaji wa kutia alama ya mkasi. Tukikosea, wazee watatuamini.

ASILI SI MAANA

Baada ya kusifu habari za asili ya maneno, yanipasa niseme pia mpaka wake. Asili ya neno hutusaidia kukumbuka. Haituambii siku zote neno lina maana gani leo.

"Auditor" ni mkaguzi wa hesabu. Kwa asili ni msikilizaji, kwa sababu zamani hesabu zilisomwa kwa sauti mbele yake. Leo hukaa kimya na kusoma vitabu na kompyuta. Vivyo hivyo "malaria" kwa asili ni maneno mawili ya Kiitaliano, hewa mbaya, maana watu walidhani ugonjwa huo waletwa na harufu ya mabwawa. Mwaka 1897 Ronald Ross, alipokuwa India, aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Jina halikubadilika, lakini ujuzi ulibadilika. Anayefuata asili ya jina peke yake angefunga madirisha kuzuia harufu, akaacha kutumia chandarua.

Kwa hiyo hakimu wa mwisho ni sentensi. Neno likisimama peke yake ni kama mtu asiyejulikana aliyesimama njiani. Ukiona anaingia nyumba gani na anazungumza na nani, ndipo utamjua.

NJIA YA KUJIFUNZA

Ninawashauri wenzangu wafuate hatua hizi nne.

Kwanza, ukikutana na nomino mpya, usiamue maana yake kwa herufi za mwanzo. Soma sentensi yote, na ile ya mbele yake na ya nyuma yake, kisha fanya kisio.

Pili, nenda katika kamusi uhakikishe kisio chako. Soma maana zote za neno, usiishie ya kwanza. Kamusi kubwa za Kiingereza huonyesha pia asili ya neno. Wengi wetu huiruka sehemu hiyo, lakini ndiyo inayosema nani ni ndugu na nani ni jirani.

Tatu, weka daftari la koo. Juu ya ukurasa andika herufi za mwanzo, kwa mfano M, A, N. Chora safu: moja ya mtu, moja ya mkono, na moja ya majirani. Kila upatapo neno jipya liweke mahali pake. Kukariri orodha ya maneno mia kwa mpangilio wa alfabeti huchosha, na baada ya juma moja nusu yake husahauliwa. Lakini ndugu hukumbushana.

Nne, tunga sentensi yako mwenyewe kwa kila neno, iwe ya mambo unayoyaona: bustani, bweni, jiko, uwanja wa mpira. Mpe mwenzako aisome. Akielewa bila wewe kumfafanulia, neno hilo ni lako.

ZOEZI

Katika kila kundi sema ni neno lipi ambalo si ndugu wa wenzake. Tahadhari: katika kundi moja hakuna mgeni.

1. "Pedal", "pedestrian", "pedagogue".
2. "Audience", "auditorium", "audacity".
3. "Homonym", "homophone", "homicide".
4. "Uniform", "union", "university".
5. "Antecedent", "anteroom", "antelope".

Majibu haya usiyatazame kabla hujajaribu. La kwanza ni "pedagogue", mwalimu, ambalo limetoka katika neno la Kigiriki la mtoto. Mengine mawili, pedali na mwenda kwa miguu, yametoka katika neno la Kilatini la mguu. La pili ni "audacity", ujasiri au ufidhuli. Mengine ni ya kusikia. La tatu ni "homicide", kuua mtu, ambalo lina mtu wa Kilatini ndani yake. Mengine yana neno la Kigiriki lenye maana ya kufanana. La nne halina mgeni: sare, muungano na chuo kikuu, yote yana umoja ndani yake. La tano ni "antelope", jina la swala na jamaa zake. Mengine mawili yana maana ya kutangulia au kuwa mbele.

Sisi wa kidato cha nne tumebakiwa na siku chache kabla ya mtihani wetu, na baada ya hapo vitanda vyetu vitakuwa vyenu. Daftari langu la koo nimeliacha kwa msimamizi wa maktaba. Lina kurasa nyingi ambazo bado hazijaandikwa kitu. Atakayelichukua aendelee kuanzia herufi D.